Baniani Asiye na Kiatu

Watu wa pwani yetu, tangu Pangani na Tanga hata Mombasa, wana mithali yao ya kale: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Maana yake, mtu mwenyewe twamdharau, walakini faida itokayo kwake hatuikatai. Ndivyo wengi walivyozoea kumtazama jirani Mhindi: wamjua dukani, penye mizani na vitambaa, nyumbani mwake hawamjui. Basi leo twawaletea habari za Mhindi mmoja ambaye hakuwa na duka, wala mizani, wala hata hicho kiatu.

KUONDOKA KWAO

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1781 katika kijiji cha Chhapaiya, kaskazini ya Bara Hindi, si mbali na mji wa Ayodhya. Wazazi wake walikuwa Wabrahmani, yaani watu wa tabaka la makuhani, nao walimwita Ghanshyam. Walipokwisha kufa wote wawili, mtoto huyu akatoka nyumbani pasipo kuaga, akashika njia ya milimani. Ilikuwa mwaka 1792, naye alikuwa na umri wa miaka 11 tu.

Tangu hapo akaitwa Nilkanth, akaishi maisha ya mtawa. Mtawa wa namna hii Wahindu humwita sadhu. Naye akijizoeza kuutawala mwili, na pumzi, na fikira zake, humwita yogi. Hana mke wala shamba, hula apewacho, hulala panapomchwea.

Nilkanth alitembea miaka saba, kwa miguu mitupu. Alipanda milima ya Himalaya hata Muktinath katika nchi ya Nepal, penye baridi kali na theluji. Wafuasi wake husimulia ya kuwa huko alisimama siku nyingi kwa mguu mmoja, akisali. Na sanamu ya kijana yule mwembamba, mwenye nywele zilizosokotana, huheshimiwa mahekaluni mwao na majumbani. Kwa mzee mmoja, Gopal Yogi, alijifunza elimu ya yoga. Kisha akashuka Bengali, akafika Puri, akaenda kusini hata Rameshwaram, akageuka kuelekea magharibi. Wafuasi wake huihesabu safari yote kuwa kilometa 12,000 hivi, nayo yapita mara 30 njia ya reli itokayo Tanga hata Moshi.

Kila alipowakuta watawa aliwauliza habari za roho ya mtu, na za ulimwengu, na za Mungu; wasipomjibu vema, aliondoka. Hata mwaka 1799 akafika Loj, katika nchi ya Gujarat, penye watawa wa mwalimu Ramanand Swami. Hapo moyo wake ukatulia, akakaa.

KAZI YA MIKONO

Angaliweza kukaa kitako na kusujudiwa, maana watu humstahi sana mtu aliyeshinda njaa na baridi. Yeye hakufanya hivyo. Mwaka 1801, alipokuwa kijana wa miaka 20, alifanywa mkuu wa watawa wale, naye akawatuma kutumika. Walichimba visima na mabwawa, wakawalisha maskini, na njaa kuu ilipoingia Gujarat miaka ya 1813 na 1814 walisaidia wenye kufa. Tena alikataza mambo mawili mazito: mjane kuchomwa moto pamoja na maiti ya mumewe, na watoto wa kike kuuawa wakiisha kuzaliwa, kwa kuogopa gharama za arusi yao. Wafuasi wake wakamwita Swaminarayan.

ASKOFU NA MTAWA

Mwezi wa Machi 1825 alikutana na Reginald Heber, Askofu wa Calcutta, mji wa Nadiad. Heber ndiye mtungaji wa ule wimbo wa Utatu Mtakatifu ambao Wakristo wa nchi nyingi huuimba. Askofu alikuja na askari wa farasi zaidi ya 50, na wengine 50 wenye bunduki. Mtawa naye alifuatwa na wapanda farasi karibu 200, na wengi sana wa miguu.

Waliongea kwa adabu. Juu ya matabaka, mtawa alisema ya kuwa duniani watu huweza kula pamoja au mbalimbali, lakini huko juu tofauti hizo zitakwisha. Katika habari za Mungu hawakupatana, wala hakuna aliyeiacha imani yake. Lakini Askofu aliandika neno la kweli katika kitabu chake cha safari. Alisema, askari zangu hawanijui wala hawanijali, wamepewa amri tu. Bali wale wa mwenzangu ni wanafunzi wake, wamekuja kwa hiari, nao wangalikufa kuliko kuona upindo wa vazi lake ukishikwa kwa ujeuri.

Heber alifariki mwaka 1826, na Swaminarayan tarehe 1 Juni 1830, katika mji wa Gadhada. Baadaye wafuasi wake wengi walivuka bahari, wakakaa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1955 mtawa mmoja wa njia hiyo, Yogiji Maharaj, alifika Mombasa na kufungua hekalu. Na watawa wake hawashiki fedha hata leo.

Enyi walimu, na ninyi wazazi, yafikirini maneno ya Askofu. Mtoto aweza kuja darasani kwa hofu ya fimbo, kama askari aliyeamriwa. Aweza pia kuja kwa kuwa amemwona mwalimu wake akichimba kisima. Tena mpitapo penye duka la jirani, msitazame kiatu peke yake. Ulizeni, kwa heshima, ile sanamu ndani ni ya nani.