Max na Mazimwi

Mtoto mdogo huogopa mambo ambayo mtu mzima hayaoni: giza la chumbani, kivuli ukutani, sauti ya mgeni mlangoni. Akiambiwa, "Nyamaza, hapana kitu," hanyamazi, maana yeye amekwisha kukiona. Kwa sababu hiyo wako watu waliotunga vitabu vya picha visivyokana hofu ya mtoto, bali humwonyesha umbo lake na jinsi ya kuikabili. Kimoja kilichosifika sana ni cha Maurice Sendak, mtu wa Brooklyn katika New York, kilichotolewa mwaka 1963.

Ni hadithi ya mtoto aitwaye Max. Usiku mmoja alivaa vazi la mbwa-mwitu, akafanya utundu hata mama yake akakasirika, akampeleka kulala pasipo chakula. Mle chumbani mkaota msitu. Kisha ikaja bahari na chombo, naye akatweka tanga, akasafiri mpaka nchi ya mazimwi. Mazimwi yalipomngurumia, Max hakukimbia. Aliyaamuru yatulie, akayakazia macho bila kupepesa, nayo yakaingiwa na hofu, yakamfanya mfalme wao.

Mwenye kukitazama kitabu hicho na aangalie ukubwa wa picha. Mwanzo ni ndogo, zimezungukwa na weupe wa karatasi. Kadiri Max anavyokwenda mbali ndivyo zinavyokua, hata mazimwi yanapocheza ngoma zinajaza kurasa mbili pamoja, wala hapana neno hata moja.

Sendak kwanza alikusudia kuchora farasi wa mwituni, lakini hakuweza kuchora farasi vizuri. Ndipo akawakumbuka jamaa zake. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Polandi, na siku za Jumapili ndugu zao walikuja kula. Walimfinya mashavu, wakasema kwa mzaha kwamba watamla. Naye, akiyatazama meno yao mabovu na macho yao mekundu, aliona huenda wakafanya hivyo kweli, kwa kuwa mama yake alikuwa akikawia kupika. Wahenga husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, ila mtoto yule hakuwa na hakika.

Kitabu kilipotoka, baadhi ya wakubwa walisema kitawatisha watoto. Mwaka 1969 Bruno Bettelheim, mtaalamu wa nafsi za watoto, alimlaumu mama wa Max kwa kumlaza mwanawe peke yake na njaa. Naye Bettelheim alikuwa hajakisoma kitabu chenyewe! Hata hivyo kilikuwa kimekwisha kupata Nishani ya Caldecott mwaka 1964, ambayo hupewa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha watoto huko Marekani.

Tena kama angalikisoma, angaliona kwamba njaa ile haikudumu. Max alipochoka na ufalme na kuingiwa na upweke, alisikia harufu ya chakula kutoka mbali, akayaaga mazimwi, akarudi chumbani mwake. Alikuta chakula kinamngoja. Ukurasa wa mwisho hauna picha kabisa, una maneno machache tu yasemayo kwamba chakula kile kilikuwa bado cha moto.