Kugeuza Saluni Kuukuu Kuwa Pikapu: Ya Kupima Kabla ya Kukata

Mkulima wa Dongobesh mwenye magunia matatu ya maharage ya kupeleka mnadani hahitaji lori. Lori litakwenda nusu tupu na kula mafuta bure, na pikipiki nayo haitoshi. Kwa hiyo, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ni swali la maana kuuliza kama saluni iliyochakaa, ambayo injini yake bado ni nzima, yaweza kukatwa nyuma ikawa pikapu kwa gharama ya vyuma vichache na kazi ya mchomeleaji. Jibu ni kwamba yawezekana, lakini msumeno ndio chombo cha mwisho kushikwa.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1934 Lewis Bandt, msanifu wa kampuni ya Ford huko Geelong, Australia, alibuni gari lenye chumba cha saluni mbele na sehemu ya mizigo nyuma. Yasemekana chanzo chake ni barua ya mke wa mkulima, aliyetaka gari moja la kumpeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Lakini gari la Bandt lilikuwa na fremu, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyobeba kila kitu, na bodi iliketi juu yake tu. Saluni nyingi za leo hazina fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo fremu: sakafu, nguzo, paa na matao ya magurudumu hushirikiana kubeba uzito.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa boksi tupu la chaki. Lifunge kwa gundi pande zote, kisha jaribu kulisokota, litakataa. Likate kifuniko, usokote tena. Litapinda kwa vidole viwili. Hesabu ya bomba jembamba inashangaza zaidi. Bomba lenye nusu kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 1, likipasuliwa kwa urefu wake wote, ukinzani wake dhidi ya kusokotwa hupungua kama mara 1,200, ingawa hakuna chuma kilichoondolewa. Mwenye kukata paa la saluni hufanya jambo la jamii hiyo hiyo. Katika njia za udongo zenye makorongo, gurudumu moja likiwa shimoni na jingine juu ya jiwe, gari lililokatwa ovyo hujisokota, milango ikakataa kufunga, na hatimaye sakafu ikapasuka.

Viwanda vyenyewe vililijua hilo. Peugeot 504, iliyozoeleka sana Afrika Mashariki, ilikuwa na pikapu yenye uso wa saluni, na mtazamaji angedhani ni saluni iliyokatwa. Sivyo. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma uliongezwa kutoka meta 2.74 hadi meta 3, na nyuma iliwekwa ekseli nzima juu ya springi za mabamba, wakati saluni nyingi za aina hiyo zilikuwa na springi za koili, kila gurudumu la nyuma likicheza peke yake.

Fundi wa karakana ndogo hana budi kurudisha kile anachokiondoa. Gari liegeshwe mahali sawa, likae juu ya magurudumu yake, na vyuma vya mshazari vichomelewe kwa muda katika nafasi za milango. Vipimo vya pembe kwa pembe viandikwe. Nguzo za nyuma ya viti vya mbele zisiguswe. Baina yake ujengwe ukuta wa bati na bomba za mraba, na kioo cha nyuma kihamishiwe hapo, jambo linalookoa fedha. Chini ipitishwe mihimili miwili kutoka kwenye vizingiti vya milango hadi mwisho wa gari. Katika mihimili, kimo ndicho chenye thamani: chuma kikiongezwa kimo mara mbili, upana ukibaki vile vile, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara nane.

Sasa tupige hesabu ya mzigo. Tuseme magurudumu yameachana kwa meta 2.7, na magunia matatu ya kilo 100 kila moja yamewekwa meta 0.8 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa kanuni ya wenzo, 300 × 0.8 ÷ 2.7 ni karibu 89. Kilo 89 zimeondolewa mbele, na ekseli ya nyuma imebeba kilo 389. Magunia hayo hayo yakisogezwa meta 0.3 mbele ya ekseli, mbele huongezeka kilo 33 na nyuma hubeba 267 tu. Tofauti hiyo haigharimu hata senti moja. Ina uzito zaidi kwa Toyota Corolla, ambayo saluni zake zilianza kuendeshwa na magurudumu ya mbele katika toleo la 1983: mbele pakiwa pepesi, magurudumu huteleza mlimani na usukani hupoteza utii.

Wala pikapu hiyo isidhaniwe kuwa imepata nguvu mpya. Abiria watatu wa nyuma na mizigo yao ni kama kilo 260, na breki, matairi na springi vilikusudiwa hivyo. Anayeongeza springi ngumu ili abebe tani moja hajaongeza breki, na mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa utamdai.

Kabla ya kuchomelea, betri itenganishwe na tangi la mafuta litolewe kabisa. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio ulipukao. Bomba la moshi lifike mwisho wa gari, kwani hewa ya kaboni monoksidi haina harufu. Baada ya kazi, gari lipelekwe kwa ukaguzi na kadi ya usajili irekebishwe, maana huonyesha aina ya bodi.

Vizingiti vikiwa vimeliwa na kutu, kazi isianzwe. Ekseli ya gari hilo na magurudumu yake bado ni mali: vikiundiwa mkokoteni wa ng'ombe au punda, vitabeba magunia yale yale matatu bila kudai petroli.