Kishikwambi Changu Kimechoka: Ninunue Kipya au Nivumilie?

Najua wengine mmenitafuta wiki mbili hizi mkaona kimya. Sikuwa nimehama Nansio. Kifaa changu cha kazi kilikuwa kimegoma, na katika kuhangaika nacho nimejifunza mambo ambayo naona yatawasaidia hasa nyie wenye vikundi, maana swali hili sasa naulizwa kila ninapokwenda.

Ilikuwa Bukindo, kwenye shamba la mihogo la mama mmoja ambaye ni mwenyekiti wa kikundi. Siku ile walitaka kukata pingili wagawane wanachama, watu thelathini na kitu. Mimi nilikwenda kukagua kwanza. Nikatoa kishikwambi, chaji asilimia 58. Nimepiga picha ya jani la pili tu, kioo kikawa cheusi. Nikawasha, kikaonyesha asilimia 3, kikazima moja kwa moja.

Yule mama akacheka. "Bwana shamba, hiyo nayo imepata batobato?"

Nilicheka naye, lakini moyoni sikuwa na raha. Watu wameshanoa mapanga. Mkiagua vibaya siku kama hiyo, ugonjwa wa shamba moja mnaupeleka kwenye mashamba thelathini kwa mikono yenu wenyewe. Ikabidi turudi kwenye njia ya zamani. Tulitembea mistari yote, tukaangalia majani ya chini yaliyokomaa, maana michirizi ya kahawia haionekani vizuri kwenye majani machanga ya juu. Tukang'oa mashina manne na kukata viazi vyake vipande vipande. Viwili vilikuwa safi kabisa. Vya shina la tatu vilikuwa na madoa makavu ya kahawia ndani, na ukiangalia juu shina lenyewe lilikuwa limesimama vizuri tu. Ukataji ukasimama palepale. Kuna waliokasirika, siwalaumu, mvua ilikuwa imeshaanza.

Jioni hiyo ndipo mwekahazina akaniuliza swali lenyewe. Mfuko wa kikundi una laki sita. Wafikirie kununua kishikwambi kipya, kizuri kuliko changu, kiwe cha kukagua magonjwa, kupima mashamba na kuweka hesabu? Nikamwambia anipe muda. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui nifanye nini na changu.

Neno hili kishikwambi wengi wetu tulilizoea kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita nacho nyumba kwa nyumba, na baadaye vifaa vile vikagawiwa kwa walimu. Changu ni cha zamani zaidi. Nilikinunua mwenyewe, kimeshatumika tayari, na kina Android 5.1 ambayo ilitoka mwaka 2015.

Kifaa hakichoki chote kwa pamoja. Cha kwanza kuchoka ni betri. Hizi betri za lithiamu, baada ya kuchajiwa kikamilifu kama mara 500 hivi, hubaki na takribani asilimia 80 ya nguvu yake ya mwanzo, na ukiichaji kila siku hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu. Joto linaiua haraka zaidi, na mimi changu nimekibeba miaka kwenye boksi la pikipiki juani. Kama yako imevimba mpaka mfuniko umeinuka, acha kuitumia, usiitoboe wala kuikandamiza. Inaweza kuwaka moto. Betri lakini inabadilishwa. Mimi nimebadilishiwa hapa hapa Nansio kwa shilingi 40,000.

Tatizo ambalo fundi hawezi kulitibu ni programu. Mtengenezaji akishaacha kutuma toleo jipya la Android, kifaa kinabaki palepale huku programu nyingine zinasonga mbele. WhatsApp, kwa mfano, Oktoba 2023 iliacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya 5.0. Changu kilinusurika chupuchupu. Ila fomu ninayotumia kujaza taarifa za wakulima imeshakataa. Betri mpya haikusaidia chochote hapo.

Na kosa langu niseme wazi. Kabla ya fundi kukifungua sikunakili picha. Akakifuta ili kiwe chepesi, picha za mashamba za msimu mzima zikaenda, pamoja na za wale wa Ukara niliokuwa nimeahidi kuwarudishia majibu. Kadi ya kumbukumbu ingeniokoa. Sasa ninayo.

Nikapanda meli kwenda Mwanza, nikazunguka maduka. Kishikwambi cha inchi kumi, kinang'aa kama kioo cha saluni, laki nne na nusu. Nikauliza, kinaingia laini? Hapana, ni cha Wi-Fi tu. Nikaomba nitoke nacho nje nione kama kinashika GPS. Hakina kabisa. Vishikwambi vingi vya Wi-Fi tu viko hivyo, na muuzaji hatakuambia usipouliza. Nje juani kioo chenyewe kilikuwa hakisomeki, nikaona uso wangu tu.

Hata kingekuwa na GPS, kwa mashamba yetu ya Ukerewe bado ningesita kuiamini sana. Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kama mita 5, na chini ya michungwa na miembe huzidi. Nusu ekari ni kama mita 45 kwa 45. Ukikosea mita tano kwenye kona ya shamba dogo hivyo, na jirani ameshapanda mpakani, umeleta ugomvi. Kamba ya mita bado inashinda. Zile hatua 70 kwa 70 za ekari nazo mzifanye kwa uangalifu, kwa sababu ekari halisi ni kama mita 64 kwa 64, na mtu mrefu akihesabu hatua zake anakuongezea shamba ambalo huna.

Tukija kwenye kuagua magonjwa, programu ya Nuru ya PlantVillage inakaa kwenye simu ya Android na inafanya kazi hata bila mtandao. Picha za majani zilizotumika mwanzoni kuufundisha mfumo huo kutambua magonjwa ya mihogo zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA karibu na Bagamoyo, kwa hiyo mihogo ya nchi hii si migeni kwake. Inataka mkono mmoja ushike jani na mwingine ushike simu. Jaribu hivyo na kifaa cha inchi kumi kwenye upepo wa ziwa! Halafu inaona jani tu. Kiazi kilichooza ndani utakiona kwa panga.

Kwa hiyo mimi sikununua kishikwambi. Nimenunua simu ya kawaida yenye laini na GPS, 280,000. Kile cha zamani na betri yake mpya nimekibakiza kwa kazi moja, kuonyesha picha na video kwenye mikutano ya vikundi, kwa sababu watu kumi hawawezi kuangalia simu moja.

Kikundi cha Bukindo niliwaambia hivi hivi. Wanachama watano wana watoto wenye simu za Android nyumbani. Nuru ikiwekwa kwenye mbili, za kukagulia mmeshapata. Hesabu za kikundi ziko kwenye daftari na zinasomeka vizuri. Laki sita nikashauri itafute pingili safi, maana zile za shamba la mwenyekiti hatuwezi tena kuzigawa, na msimu hausubiri. Mwekahazina hakuridhika sana, anasema vikundi vya wenzao vinaonekana vya kisasa. Wanapiga kura Jumamosi. Mimi nitakuwepo, nimeombwa nije na kamba ya mita.