Tezi ya Uzazi, kwa Samaki na kwa Mama

Wavuvi wa pwani yetu hawahitaji kuambiwa kwamba wapo samaki wazaao. Ampasuaye papa mwenye mimba aghalabu hukuta vitoto tumboni. Lisilojulikana sana ni kwamba uzazi huo una msimamizi wake kichwani: tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Samaki anayo, nasi tunayo.

Mtazame gapi, samaki mdogo wa Trinidad na kaskazini ya Amerika ya Kusini, ambaye wengi humfuga majumbani katika tangi la kioo. Jike hubeba mimba kwa kadiri ya majuma manne. Homoni za pituitari ndizo ziamrishazo mayai yajazwe kiini, chakula cha vijusi. Mimba ikisha kutunga, kazi hiyo hupungua. Akisha kuzaa huamka tena, na baada ya siku chache mayai mengine huwa tayari. Wala hahitaji dume mwingine, kwani huweka akiba ya mbegu kwa miezi. Arubaini hana, maskini!

Tezi hiyo hutoa pia prolaktini, ambayo kwa mwanamke ni homoni ya maziwa. Samaki hanyonyeshi, ya nini basi? Mwaka 1959, huko Marekani, Grace Pickford na mwenzake walionyesha kwamba samaki aliyetolewa pituitari hufa katika maji yasiyo na chumvi, lakini akidungwa prolaktini huishi. Homoni hiyo huzuia chumvi ya mwili isipotee. Subhanallah, homoni ni moja na kazi ni mbalimbali.

Kwa mama mjamzito, seli za prolaktini huongezeka hata tezi nzima ikakua kwa thuluthi au zaidi, nayo huhitaji damu nyingi. Akitokwa na damu kupita kiasi wakati wa kujifungua, sehemu ya tezi huweza kufa. Daktari Mwingereza, Harold Sheehan, aliyaeleza haya mwaka 1937. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, mama huchoka na kuhisi baridi miezi, hata miaka. Nyumbani husemwa ni mvivu, au kapatwa na jicho. Dua haikatazwi, lakini mama huyu apelekwe hospitali, na daktari aelezwe waziwazi kwamba alipojifungua alitokwa na damu nyingi, ili homoni zake zipimwe. Zilizopungua hufidiwa kwa dawa, nyingi zikiwa vidonge vya kila siku.