Kidonge Huchelewa, Sembe Huwahi

Mjamzito akifika kliniki hupewa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Vinamfaa kwa damu yake, lakini kwa uti wa mgongo wa mtoto mara nyingi muda umeshapita. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, na wanawake wengi wakati huo hawajajua kama wana mimba. Usipofunga sawasawa, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kuwa, kwa akina mama waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo, asidi ya foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72.

Kwa hiyo kirutubishi hiki lazima kimfikie mwanamke kabla ya kliniki, yaani kipitie kwenye ugali. Hapo ndipo afya inapogeuka kuwa hesabu za biashara.

Marekani iliweka sharti la kuongeza asidi ya foliki kwenye unga mwaka 1998, Afrika Kusini 2003, Kenya 2012; Tanzania ilizindua mpango wake 2013. Ngano haikusumbua sana, kwa kuwa husagwa na viwanda vichache vikubwa. Mahindi yako kwenye mashine ndogo zilizotapakaa kuanzia Manzese jijini Dar es Salaam hadi vijijini, na mwenye mashine anaishi kwa faida nyembamba ya kiroba. Mteja wake anataka sembe nyeupe na bei ya chini. Weupe huo unatokana na kukoboa, na kukoboa huondoa sehemu kubwa ya vitamini B. Vitamini hizo huondoka na pumba, na pumba huuzwa kwa wafugaji.

Nani basi alipie virutubishi? Jibu lililonivutia zaidi ni la Sanku, shirika linalofanya kazi na wasagaji wadogo nchini Tanzania. Hununua mifuko mitupu kwa wingi, hivyo huipata kwa bei nafuu, kisha huwauzia wasagaji kwa bei ya kawaida ya soko. Tofauti ya bei ndiyo inayolipia mchanganyiko wa asidi ya foliki, B12, chuma na zinki. Kifaa kilichofungwa kwenye mashine hupima uzito wa unga na kudondosha kipimo chake. B12 haikuwekwa kwa kujaza orodha: asidi ya foliki peke yake inaweza kurekebisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu neva kimyakimya.

Mpango huu ni mzuri, lakini hautoshi. Viambato vya mchanganyiko huagizwa nje kwa fedha za kigeni, na shilingi ikishuka, tofauti ya bei ya mifuko inaliwa. Ukaguzi nao ni mgumu. Chuma hugundulika papo hapo kwa dawa inayobadilisha rangi ya unga, ilhali asidi ya foliki huhitaji maabara.

Msagaji anayeongeza virutubishi leo anashindana na jirani asiyegharamia chochote, na hakuna haki katika hilo. Serikali hulisha magereza, kambi na shule za bweni. Ikikataa kununua sembe isiyo na virutubishi kwa ajili ya taasisi hizo, msagaji atakuwa na mnunuzi wa uhakika anayelipia gharama yake, kabla hata mkaguzi hajabisha hodi.