Chakula, Mimea na Watu katika Maonyesho ya Utamaduni: Mfano wa Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna maarifa ya chakula na mimea yanavyowasilishwa mbele ya umma katika maonyesho ya utamaduni. Hoja ya msingi ni kwamba maonyesho hayo huonyesha chakula kilichokwisha kupikwa, ilhali sehemu kubwa ya maarifa hubaki porini, katika mikono ya mchimbaji na katika msamiati wake. Mifano inatoka Newala, iliyo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na Masasi, iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi, ambako Wamakonde, Wamakua na Wayao wameishi pamoja kwa muda mrefu.

2.0 Maonyesho na Umma Wake

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, mwanaethnolojia wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Masasi na Newala. Alikusanya vyombo, akarekodi nyimbo kwa fonografu na kupiga picha za sinema. Vyombo hivyo vilipelekwa katika makumbusho ya Leipzig. Hivyo, umma uliokusudiwa kuviona haukuwa ule uliovitumia.

Baada ya Uhuru mwelekeo ulibadilika. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kilijenga nyumba za jadi za jamii mbalimbali. Na kuanzia miaka ya 1990 siku za utamaduni ziliwaleta wanajamii wenyewe kupika na kucheza ngoma mbele ya watazamaji. Mkoani Mtwara, tamasha la MaKuYa lilianza mwaka 2008, likipata jina lake kutokana na Makonde, Makua na Yao. Haya ni maendeleo makubwa, kwani mwenye utamaduni ndiye anayeuonyesha. Hata hivyo, mtazamaji anayeonjeshwa chakula jukwaani haoni kilivyotafutwa wala kilivyotambuliwa.

3.0 Maji na Mizizi

Weule alisimuliwa kisa cha asili ya Wamakonde. Mtu aliyeishi peke yake alichonga sanamu ya mti, nayo ikageuka mwanamke. Watoto wao wawili wa kwanza, waliozaliwa karibu na mito, hawakuishi. Wa tatu, aliyezaliwa juu Mahuta, ndiye aliyeishi. Kwa hiyo wazao wao waliagizwa kukaa mahali pa juu, mbali na maji. Kisa hiki kinaafikiana na hali ya nchi. Udongo wa uwanda hunywa mvua upesi, na kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950 wanawake walishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani.

Katika mazingira hayo, thamani ya chakula haikupimwa kwa ladha na shibe tu, bali pia kwa maji kinayohitaji. Ming'oko (Dioscorea hirtiflora), kiazi cha porini chenye mizizi myembamba, huchimbwa wakati wa kiangazi, huchemshwa na kuliwa, na huuzwa pia sokoni. Kinyume chake, ndiga, ambayo nayo ni jamii ya viazi vikuu, ina sumu. Sharti ikatwekatwe na kulowekwa kwa siku kadhaa kabla ya kupikwa. Majani ya ming'oko yakishapukutika, mchimbaji huongozwa na mtambaazi mkavu tu. Kuutofautisha mmea mmoja na mwingine katika hali hiyo ni elimu ya uhai na mauti, hasa mwaka wa njaa, na elimu hiyo hurithishwa kwa kutaja na kuonyesha papo hapo.

4.0 Mkorosho na Msamiati

Mkorosho ulitoka Brazili na kuletwa na Wareno. Kwa kuwa ni zao la biashara, msamiati wake umeenea: korosho, bibo, uraka. Lakini zao hili halikuwa kinga ya kudumu. Uzalishaji nchini, uliofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulishuka hadi karibu tani 17,000 msimu wa 1986/87, kutokana na bei duni, watu kuhamishwa mbali na mashamba yao wakati wa kuanzishwa vijiji, na ugonjwa wa ubwiriunga. Fedha inapokosekana namna hiyo, chakula cha porini huwa tegemeo. Hapa pana ukinzani: kila kichaka kinachofyekwa kupanuliwa shamba hupunguza makazi ya ming'oko, na pamoja nayo hupungua nafasi ya kumfundisha mtoto majina ya mitambaazi.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba chakula cha Masasi na Newala hakielezeki pasipo mmea, maji na neno. Maonyesho ya utamaduni yatakamilika yatakapoanzia kichakani, mchimbaji akiwa ndiye mwalimu, na majina ya Kimakonde, Kimakua na Kiyao yakiandikwa sambamba na ya Kiswahili na ya kisayansi. Kwa wanaleksikografia, kazi hiyo haifai kungojea. Chombo kilichohifadhiwa Leipzig kinaweza kutazamwa hata leo. Lakini jina la mmea lisiporithishwa, aliyebaki na njaa hana wa kumwambia upi unalika na upi unaua.