Kadi ya benki ugenini: ada inayokula faida ya safari ya Nakivale

MBARARA. Mfanyabiashara anayetoka Kagera, akavuka Murongo na kuingia Kikagati akiwa na kadi mfukoni badala ya burungutu la noti, amejikinga na vibaka. Hajajikinga na makato.

Makao ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yana watu zaidi ya 100,000 kutoka Congo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili ni moja ya lugha za soko lake. Anayepeleka vitenge huko, au anayefuata matoke ya Isingiro, anahitaji fedha taslimu au pesa kwenye simu. Mkulima shambani hapokei kadi. Kwa hiyo kadi inaishia kwenye mashine ya ATM mjini Mbarara, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Kadi ya nchi nyingine ikitumbukizwa kwenye mashine, makato yanaweza kutoka pande tatu. Benki yenye mashine inaweza kutoza ada yake. Benki yako nyumbani nayo hutoza ada ya kutoa fedha nje ya nchi. Kisha kuna kiwango cha kubadilishia sarafu, ambacho benki huweza kukiongezea asilimia yake. Hili la tatu halionekani kwenye risiti. Utaliona tu ukilinganisha fedha ulizopokea na kiasi kilichotoka kwenye akaunti.

Anayeumia zaidi ni mwenye mtaji mdogo, kwa sababu ada nyingi hutozwa kwa kila muamala. Tuseme ada zote mbili ni shilingi 20,000 za Uganda. Ukitoa 200,000, umelipa asilimia 10. Ukitoa 1,000,000 kwa mkupuo, umelipa asilimia 2. Anayetoa 200,000 mara tano amelipa ada ya 100,000 kupata fedha zile zile, na kwenye biashara ya matoke hiyo inaweza kuwa faida yote ya safari. Hata kuuliza salio kwenye mashine ya ugenini huweza kutozwa.

Upo pia mtego wa skrini. Baadhi ya mashine huuliza kama ungependa akaunti ikatwe kwa sarafu ya kwenu, na kukuonyesha kiasi kamili. Inaonekana kama msaada, lakini ukikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Kataa, chagua shilingi ya Uganda.

Simu ni njia mbadala, nayo ina gharama zake. Tangu 2018 Uganda hutoza kodi kwa pesa inayotolewa kwenye simu, asilimia 0.5, juu ya ada ya kutolea. Kwa 1,000,000 kodi pekee ni 5,000. Ukimlipa muuzaji moja kwa moja kwenye simu yake, kodi hiyo itamkuta yeye akitoa, kwa hiyo mkubaliane mapema nani ataibeba.

Kwa mzigo mkubwa, uliza kuhusu EAPS, mfumo unaounganisha benki kuu za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Kupitia mfumo huo benki hutumiana fedha kwa sarafu za nchi hizo bila kupitia dola. Sarafu moja ya Afrika Mashariki, iliyoahidiwa kwa 2024, imesogezwa hadi 2031. Hadi hapo, kila mpaka una bei yake.

Kabla ya kuvuka, iulize benki yako mambo manne: ada ya kutoa fedha nje ni kiasi gani, asilimia ngapi huongezwa kwenye kiwango, kikomo cha kutoa kwa siku ni kipi, na kama kadi imefunguliwa kutumika Uganda. Majibu hayo yaandike pamoja na nauli na ushuru, maana nayo ni gharama ya mzigo.